Sauti ya Pili ya Mzee Deodati

Nyie vijana niliowaachia kibanda mmeniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa, na nimekubali kwa sababu muda ninao. Tangu nistaafu, mke wangu haniruhusu kugusa kitu chochote kibovu humu nyumbani. Redio ya jikoni ilipokata sauti mwezi uliopita, aliibeba akapita nayo mbele yangu, akaipeleka kwa fundi mwingine. Alisema mimi nitaifungua tu, halafu nitaanza kusimulia.

Basi nasimulia. Habari za nani alipanda cheo na nani alilipwa nini hamtazipata hapa, maana fundi redio hapandi cheo. Huanza kazi akiwa amekaa kwenye kigoda, humaliza akiwa amekaa kwenye kiti chenye mgongo, na katikati hapo macho yanapungua.

Nilishuka kwenye treni ya kutoka Tabora mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mpanda ilikuwa bado ndani ya mkoa wa Rukwa wakati huo, na mtu akisema Katavi ulijua anazungumzia tembo na viboko wa hifadhini. Nilikuwa nimekuja kwa Mzee Maganga, Mnyamwezi mwenzangu aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza redio pale mtaa wa Shanwe. Nyumbani waliniambia ni fundi mkubwa. Nilimkuta ni mtu mfupi, mkimya, anayeweza kukaa nusu siku akiitazama redio iliyozimwa mpaka ukadhani anasubiri imwombe radhi.

Siku ya kwanza alinipa redio moja akasema, "Haisemi." Nilitaka aone kwamba sikusafiri kote kule kuja kufagia. Nikaifungua yote, nikapanga skrubu mezani kwa ukubwa wake, nikaanza kupekua waya mmoja mmoja. Yeye alikuwa anakunywa chai. Jua lilipofika utosini akauliza, "Betri umeziona?"

Hazikuwemo. Mwenye redio alikuwa amezitoa, akazitia kwenye tochi yake.

"Mteja akisema haisemi," Mzee Maganga akaniambia, "kwanza ujue anataka kusema nini yeye." Nilidhani ananifundisha habari za betri, nikaitikia, ndiyo mzee.

Vifaa vyetu mngeviona mngecheka. Umeme wa mji ulitoka kwenye jenereta, na jenereta hizo zilipenda kupumzika kuliko sisi. Kwa hiyo chuma cha kuchomelea tulikipasha moto kwenye jiko la mkaa, pembeni ya birika la chai, na mara moja moja risasi iliyoyeyuka ilidondokea kwenye chai. Bisibisi ndogo tulizichonga kutokana na spoku za baiskeli. Vumbi tuliliondoa kwa unyoya wa kuku, na unyoya wa jogoo ulikuwa bora kuliko wa tetea, ingawa sababu yake Mzee Maganga hakuwahi kuieleza. Mita ilikuwa moja. Ilifungwa kwenye taulo, na kuiazima ilikuwa sawa na kumwomba mtu akuazime meno yake.

Wateja wetu walikuwa wa kila namna. Wakati huo Wasukuma walikuwa wanaingia kwa wingi na ng'ombe zao, na mmoja wao alikuja na redio kubwa ya kaseti akataka tuiongezee nguvu.

"Fundi, nataka isikike mpaka zizini."

"Ng'ombe wako nao wanasikiliza taarifa ya habari?" nikamuuliza.

"Ng'ombe hawana neno. Ninayetaka asikie ni fisi."

Tuliiongeza. Baadaye alirudi kutuambia fisi hawaji tena, ila na majirani nao wamehama. Alionekana kuridhika na yote mawili.

Sasa nifike kwenye gramafoni, ambazo nyie mmeziona kwenye picha tu. Wakati huo watu wengi walikwisha kuhamia kwenye kaseti. Waliobaki na santuri walikuwa wazee, walimu wastaafu, makatekista, watu ambao kitu hawakitupi mpaka kiwatupe chenyewe. Na gramafoni zenyewe zilikuwa za bei ya chini. Kisanduku cha plastiki chenye mfuniko, spika moja ndogo ndani ya mfuniko, na mkono mwepesi uliorukaruka juu ya santuri kila mtu alipopita sebuleni. Dawa ya kuruka iliyojulikana Mpanda nzima ilikuwa kubandika sarafu juu ya mkono huo kwa plasta ya kidonda. Sarafu ilituliza sindano kweli. Pia ilikuwa inachimba santuri kama jembe, lakini hilo mtu aliligundua baadaye, wimbo ukishageuka kuwa mchele unaokaangwa.

Mzee Maganga alinifundisha jambo moja kuhusu mashine hizo ambalo nililifuata bila kuuliza. Kwenye kichwa cha ule mkono, palipokaa sindano, hutoka nyaya nne nyembamba. Mbili ni za sauti ya kulia, mbili ni za kushoto. Lakini spika ni moja, sasa kulia na kushoto vya nini? "Funga pamoja, twende," alikuwa akisema, huku akizisokota kwa vidole. Kwa hiyo kila gramafoni iliyopita kwetu ilitoka ikiimba kwa mdomo mmoja, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Mzee Maganga alipochoka alirudi Tabora, akaniachia kibanda, jiko na birika. Mita alinikabidhi asubuhi ya safari yake, stesheni, baada ya kuifungua taulo na kuifunga tena. Nilibaki peke yangu, jirani yangu wa karibu akiwa Mama Gaudensia, fundi cherehani mwenye kibanda kilichotenganishwa na changu kwa ukuta wa mbao. Kupitia mbao hizo alisikia kila nililosema, na mengi aliyajibu.

Katikati ya miaka hiyo ya tisini ndipo alipokuja Mzee Deodati. Alikuwa mkulima wa mpunga kutoka Mamba, kule Mpimbwe, na alikuja juu ya lori la mchele akiwa amepakata gramafoni iliyofungwa kwa kitenge. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kigoda. Halafu akakifungua kile kitenge na kuitoa santuri kwanza, kabla ya mashine.

"Mke wangu amefariki," akasema. "Skolastika. Yumo humu."

Nikampa pole. Akanieleza kwamba zamani padri mmoja wa kizungu alikuja na mashine ya kurekodi, akairekodi kwaya ya parokia yao, mikanda akaipeleka kwao, zikarudi santuri chache. Za wenzake zote zilikwisha haribika, nyingine watoto wamezifanya magurudumu. Iliyobaki ni hiyo yake. Picha ya mke wake alikuwa nayo moja tu, ya kitambulisho, na ndani ya picha hiyo alikuwa amekasirika.

"Sasa nikiipiga namsikia kila mtu, yeye simsikii. Fundi, nataka nisikie sauti ya pili."

Nikaiangalia mashine. Ilikuwa na spika moja. Kwenye mkono palikuwa na sarafu mbili, moja juu ya nyingine.

"Sauti ya pili hapa huwezi kuisikia, mzee wangu," nikamwambia. "Mashine hii haina."

"Ndiyo maana nimekuja."

"Itabidi niongeze."

"Ongeza."

Sijawahi kuelewana na mteja vizuri namna ile. Nilimwonya jambo moja tu, kwamba santuri imechakaa na kila tunapoipiga tunaila, hivyo tusiijaribu ovyo. Alinitazama kwa woga kidogo, akaniuliza imebaki mara ngapi. Nikamjibu ukweli, kwamba sijui. Akaniachia mashine, na santuri akaondoka nayo, ameikumbatia kifuani.

Kazi ile niliifanya kwa moyo wote. Nilizitoa sarafu. Sindano mpya niliagiza Tabora kupitia mhudumu wa treni, na kwa kuwa nilimwambia "sindano" tu, ya kwanza kufika ilikuwa ya kuchomea watu dawa. Ya pili ndiyo ikawa yenyewe. Mota niliikalisha juu ya vipande vya mpira wa baiskeli ili mtikisiko wake usipande kwenye sindano. Mkono nikausawazisha kwa kipande cha risasi nyuma, ukawa unashuka polepole kama mtu anayelaza mtoto. Nikapata redio ya gari kutoka kwenye Landrova iliyokufa, nikaitumia kuwa amplifaya, maana ilikuwa na uwezo wa kuendesha spika mbili na hata kitufe cha kugawa sauti kulia na kushoto. Nguvu yote ilitoka kwenye betri ya gari, kwa kuwa Mamba hakukuwa na umeme wa kuzungumzia.

Makasha ya spika nilimpa seremala wa Ilembo, nikamwambia mbao za mninga, na matundu mbele. Seremala yule maisha yake yote alikuwa ametengeneza makabati. Akaniletea makasha mawili mazuri sana yenye miguu, na moja lilikuwa na mlango na kitasa. Nikaling'oa mlango. Kisha nikarudi kwenye zile nyaya nne za kichwani, nikazisokota pamoja, twende, na sauti hiyo moja nikaigawa kwenye spika mbili.

Mzee Deodati aliporudi na santuri yake, nilikuwa nimeifuta mashine mpaka inang'aa. Nikaishusha sindano. Kwaya ikatoka imejaa kibanda, safi, haina ule mchele wa kukaangwa, na watu wakaanza kusimama barabarani. Wimbo ulipokwisha nikainua mkono na kumgeukia.

"Umeisikia?"

"Nimesikia kwaya," akasema.

"Na sauti ya pili?"

"Hiyo bado."

Nikaweka kiganja juu ya kasha la kushoto. "Hii hapa, mzee."

Akainuka, akachuchumaa, akatega sikio kwenye kasha lile. Akaniomba nirudie ubeti mmoja. Kisha akahamia lile la kulia, akatega tena.

"Ni yale yale," akasema.

"Ndiyo. Sasa yako mara mbili."

Alinishukuru. Alinishukuru kwa adabu ya mtu aliyeomba maji akaletewa ugali, naye hataki kumwaibisha mwenyeji. Akaniuliza kama ninaweza kuendelea kuitafuta. Nikasema ninaweza, kwa kuwa nilikwisha amua kwamba mzee wa watu masikio yamechoka na anachohitaji ni nguvu zaidi.

Kwa hiyo nikaongeza nguvu. Spika zote mbili nikazitoa, nikaweka kubwa, za kutoka kwenye basi. Siku aliyorudi mara ya pili nilimkalisha mbali kidogo, mlangoni, nikafungua sauti. Bati la kibanda likaanza kuimba lenyewe. Mbwa wa mwenye hoteli ya ng'ambo ya barabara aliondoka na hakuonekana mpaka kesho yake. Kwa upande wa pili wa mbao nikasikia cherehani ikisimama.

"Sijaisikia, fundi," Mzee Deodati akasema nilipozima. "Na sasa tumeshaila mara ngapi hii santuri?"

"Mzee wangu," nikasema, na nakiri uvumilivu ulikuwa unaniishia, "spika ya kwanza ni ile. Ya pili ni hii. Inataka kung'oa bati. Unataka sauti ya pili itoke wapi tena?"

Mama Gaudensia aliingia akiwa na futi yake ya kupimia shingoni. Nilidhani amekuja kugomba kwa ajili ya kelele. Alinipita, akamwamkia Mzee Deodati, "Shikamoo baba," akakaa kwenye kigoda kilichobaki.

"Baba, marehemu alikuwa kwaya?"

"Kwaya, mwanangu. Tangu msichana."

"Akiimba sauti ya ngapi?"

"Ya pili."

Mama Gaudensia aliniangalia muda mrefu, halafu akayaangalia makasha yangu ya mninga, yenye miguu.

"Fundi," akasema, "wewe jirani yangu ni Mwislamu, sikulaumu. Lakini na sisi kanisani hatuna spika. Sauti ya kwanza ni akina mama wa sauti nyembamba, ndio wanaobeba wimbo. Ya pili ni akina mama wa sauti nzito nzito kidogo, sisi, tunakaa chini yao. Ya tatu na ya nne ni wanaume. Baba wa watu anamtafuta mke wake. Wewe unamuuzia makabati."

Nilikaa. Mzee Deodati naye alikuwa anatushangaa, mara mimi, mara mama, kwa kuwa yeye alikuwa amesema jambo wazi tangu siku ya kwanza na hakujua kama liliwahi kupotea.

"Kwani wewe ulidhani nini?" akaniuliza.

Nilimuuliza padri alirekodi vipi, walisimama wapi. Alikumbuka vizuri. Padri alikuwa na maikrofoni mbili, na aliwapanga upya kinyume na walivyozoea, mpaka mwalimu wa kwaya akanuna. Sauti ya kwanza na ya nne aliziweka upande wa kulia wa altare. Ya pili na ya tatu kushoto. Sauti ya tatu siku hiyo walikuwa wanaume wawili tu, na mmoja alikuwa ametoka kuugua homa.

Kushoto. Nilizitazama zile nyaya nne, nilizokuwa nimezisokota kwa vidole vyangu mwenyewe. Padri wa watu alikuwa amewatenganisha vizuri, kule kiwandani wakawaacha wametengana, santuri ikawaleta mpaka Mamba wakiwa wametengana, na sisi mafundi wa Shanwe tukawarundika tena pamoja.

Kuzifumua haikuwa kazi ndogo. Zilikuwa nyembamba kama uzi wa nyoya, na mmoja ungekatikia ndani ya kichwa, kichwa kingine nisingekipata, si Mpanda wala Tabora. Nilimwambia Mzee Deodati hivyo. Alisema, "Fungua," akageukia ukuta ili asione. Mama Gaudensia alinipa sindano yake nyembamba ya kushonea, akanishikia taa. Nilizitenganisha moja moja, nikazichomelea upya, za kulia zikaenda kulia, za kushoto zikaenda kushoto. Nilikuwa natoka jasho, na nilikuwa sijali tena kazi inaonekanaje. Niliogopa tu kumuua mama wa watu mara ya pili.

Nikaishusha sindano. Nikakigeuza kitufe cha kugawa sauti chote kulia. Ikatoka sauti ya kwanza juu, nyembamba, nzuri, na chini yake sauti moja ya mwanamume, pana, inayotembea juu ya wenzake wote.

"Huyo anayebomoa ukuta ni nani?" Mama Gaudensia akauliza.

"Ni mimi," Mzee Deodati akasema.

Nikakigeuza kitufe chote kushoto. Sauti ile kubwa ikazimika, na nyembamba nazo zikaenda zake. Zikabaki sauti za wanawake wachache, za chini, zenye ukwaruzo kidogo, na za wanaume wawili, mmoja akikohoa. Sikujua kama nimefanikiwa au nimeharibu. Wimbo ulifika kwenye kiitikio, wanawake wakaingia kwa pamoja, na nyuma yao kidogo, peke yake, akaingia mmoja aliyechelewa.

Mzee Deodati alicheka. Alicheka huku machozi yakimtoka, wala hakuyafuta.

"Huyo," akasema. "Mwalimu alimsema mpaka akachoka. Lazima achelewe."

Tulisikiliza mpaka kiitikio cha pili, akachelewa tena. Mama Gaudensia alikuwa amefumba macho, midomo yake ikifuata. Nami nilijifanya naangalia betri.

Wimbo ulipokwisha nilinyoosha mkono kurudisha kitufe katikati, maana ndivyo kazi inavyokabidhiwa, spika zote mbili zikisema. Mzee Deodati akanishika mkono.

"Acha hapo."

"Mzee, hapo wewe umekatika kabisa. Husikiki hata kidogo."

"Najua." Bado alikuwa amenishika. "Tumeimba wote kabla hata hatujaoana, fundi. Mimi nyuma, yeye mbele yangu. Sikuwahi kumsikia hata siku moja. Nilikuwa namfunika."

Lori la Mamba lilipopita kumchukua, alipakia gramafoni, amplifaya, betri na kasha la kushoto. Santuri aliishika mwenyewe. Lilikuwa limekwisha anza kuondoka nilipoona kasha la kulia limebaki mezani. Nikalibeba, na mninga ni mzito, nikakimbia nalo mpaka barabarani nikipiga kelele asimamishe, amesahau spika. Dereva akasimama. Mzee Deodati akaniangalia kutoka juu ya magunia, mimi na kabati langu lenye miguu.

"Huyo ni mimi," akasema. "Kaa naye wewe."